Ule mstari wa "hali ya ndoa"

Juzi Jumapili usiku binti wa shangazi yangu kanitumia meseji wasapu: "dada shikamoo, samahani kwa usumbufu, hivi kwenye CV niandike nimeolewa na nina mtoto au niache tu?" Kamaliza chuo mwaka juzi, uhasibu, mtoto ana miezi kumi na moja, mume yuko Mwanza kikazi. Nikasoma nikaweka simu chini nikaenda jikoni kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe vilikuwa vimeshaoshwa.

Kwenye ukoo wetu mimi ndio naulizwa hayo mambo. Nimefanya kazi ya HR, yaani kuajiri na kusimamia wafanyakazi, miaka tisa, sita kati ya hiyo kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo hapa Dar, jina nabaki nalo mwenyewe, na wala haikuwa kampuni mbaya kuliko zingine, mshahara ulikuwa unaingia tarehe 28 na Krismasi tunapewa kilo tano za mchele na mafuta. Mtu akimaliza chuo mama yake ananipigia, "mwanangu mwangalie mdogo wako," basi CV inakuja naipiga pasi, natoa zile "hobbies: reading novels and watching football" ambazo mtu hajawahi kusoma novo hata moja, narudisha. Ila hili la ndoa na mtoto hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo wazi wazi, na jibu ninalo, nimekuwa nalo siku zote.

CV zetu huku mnazijua. Kabla hujasema umesoma nini na unaweza kufanya nini, unaanza na jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, hali ya ndoa, wengine wanaweka na dini, halafu pembeni picha ya pasipoti yenye bluu nyuma. Hakuna mtu alikaa akaamua iwe hivyo. Kijana wa steshenari ana faili moja kwenye kompyuta yake tangu enzi za flopi, ukienda anafuta jina la aliyetangulia anaweka lako anakuchaji buku mbili, na wewe ukipata kazi unampa mdogo wako akaige. Nimewahi kupokea CV ya kijana wa kiume imeandikwa jinsia "female", kasahau kubadilisha tu masikini.

Sasa mimi nilikuwa na penseli.

Wiki yangu ya pili kazini bosi aliniita ofisini kwake, mtu mstaarabu tu, Baba fulani tulikuwa tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akaniambia mwanangu kwenye hizi nafasi za uhasibu na operesheni mimi nataka mtu ambaye yupo. Nikamwambia sawa mzee. Akarudia, "yupo yupo, sio leo yupo kesho ana ruhusa." Hakusema mwanamke. Miaka sita yote sikumbuki hata siku moja alisema neno mwanamke kwenye mambo ya kuchuja watu, na hakukuwa na haja maana nilishamwelewa, na nilitaka kazi, nilikuwa na miaka 26 na kodi ya miezi sita mbele pale Tabata.

Basi nikawa nikisoma CV, nikiona ni dada, miaka kati ya 24 na 34, naweka kiduara kidogo kwenye kona ya juu kulia. Ameolewa hana mtoto, duara, huyo yuko njiani. Ameolewa ana mtoto mmoja, duara, wa pili anakuja. Hajaolewa, duara, si ataolewa. Ukikaa ukiitazama hiyo akili yangu utaona hakuna mwanamke wa rika hilo anayeponea popote, na wakati ule mimi nilikuwa naona nachambua. Duara halikuwa na maana ya "mkatae", lilikuwa na maana ya "huyu tumwangalie mwisho", na kwenye CV mia mbili za nafasi mbili ukisema mtu ataangaliwa mwisho umeshamaliza kazi. Halafu kabla ya kufaili nilikuwa nafuta na raba. Hiyo ndio sehemu inayoniuma mpaka leo kuliko duara lenyewe, maana mtu anayefuta anajua anachofanya.

Na ilikuwa hofu ya nini? Sheria yetu ya ajira, ile namba 6 ya mwaka 2004, inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, mapacha siku 100, kwenye mzunguko wa miezi 36, na mwajiri halazimiki kulipia zaidi ya likizo nne kwa mtu mmoja. Akirudi ana hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Haya, mama mwenye watoto wawili ni siku 168 kwenye maisha yake yote ya kazi. Mwaka ule ule nilikuwa nampigia duara huyu, tulikuwa tumeajiri vijana watatu wa kiume wa operesheni, wawili wakaondoka hata mwaka haujaisha, mmoja kaenda kampuni ya jirani kwa nyongeza ya laki moja na nusu, mwingine alitoka lanchi hakurudi na funguo za stoo anazo. Hakuna aliyesema wanaume tuwaogope. Tulisema vijana wa siku hizi hawatulii, tukatangaza nafasi tena.

Baba naye ana likizo yake, siku tatu, achukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu, yaani umempeleka mama nyumbani umenunua pampasi umerudi kazini. Sheria yenyewe ishasema mtoto ni wa nani, halafu tunashangaa mwajiri anaogopa nani.

Kwenye intavyu ndio kabisa. Mwanaume anaulizwa miaka mitano ijayo anajiona wapi. Mwanamke anaulizwa hilo pia, halafu mtu wa tatu kwenye paneli anajiegemeza kwenye kiti anauliza kwa sauti ya kirafiki kabisa, "na mzee nyumbani anasemaje kuhusu kusafiri safari?" Nimekaa kwenye intavyu sijui ngapi, sijawahi kusikia mwanaume anaulizwa mke wake anasemaje. Kuna dada mmoja alijibu, "mume wangu hajaomba hii kazi." Paneli nzima tukacheka, bosi akacheka kuliko wote, tukaandika kwenye fomu kwamba ana kujiamini. Kazi hakupata.

Mimi mwenyewe nilipopata mimba nikiwa mwaka wa nne pale, nilificha hadi miezi sita karibu na nusu. Mimi HR, mtu ninayejua kifungu kwa namba, najua kabisa unatakiwa kutoa taarifa miezi mitatu kabla na cheti cha daktari, nikawa nazunguka na madera ofisini nasema ni joto. Hakuna aliyenifanyia ubaya, niseme ukweli. Nilirudi nikakuta meza yangu, kiti changu, na mradi wa mfumo mpya wa mishahara ambao niliuanzisha mimi umehamia kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe kutumia Excel. "Tulitaka kukupunguzia mzigo mama." Wote walikuwa na huruma sana. Huruma hiyo huwezi kwenda kuilalamikia popote.

Sasa haya ni ya wanawake, ila kwenye kompyuta yangu kulikuwa na faili zingine mbili ambazo nazo zina stori.

Mikataba yetu ilikuwa na violezo viwili, kimoja kinaitwa LOC kingine INT. LOC ni sisi, shilingi, bima ya afya, nauli. INT ni dola, nyumba Masaki, gari, shule ya watoto, tiketi ya kwenda kwao mara moja kwa mwaka. Nikaambiwa INT ni ya wataalamu kutoka nje, basi nikaona ni kawaida, mtu katoka mbali aachwe apewe chake. Hadi siku alipoajiriwa fundi mkuu kutoka Lubumbashi, Mkongo, kazi kazijua hasa, miaka kumi na kitu na malori ya migodini, kibali cha kazi tumemtafutia sisi wenyewe, yaani mgeni kwa kila karatasi. Nikaandaa INT. Ikarudi mezani kwangu na kalamu nyekundu, LOC. Nikauliza, huyu si katoka nje? Nikajibiwa, "ameshazoea maisha ya huku." Hajafika hata uwanja wa ndege. Kumbe nje yenyewe ina rangi.

Na kuna sheria ya ajira za wageni ya 2015, inasema mwajiri akileta mgeni awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Watanzania, na hadi 2021 kibali kilikuwa hakitakiwi kuzidi miaka mitano jumla. Mpango niliuandika mimi, mzuri tu, una jedwali. Kwenye jedwali injinia wetu mmoja wa Kitanzania ndio "anarithishwa" na jamaa wa INT. Ukishuka gereji unakuta mgeni ameshika daftari injinia wetu anamwelekeza hii breki ya upepo ya hili lori Scania ina ugonjwa huu, barabara ya Tunduma ukishuka Kitonga inabidi ufanye hivi. Mshahara wa mwalimu ulikuwa haufiki hata kodi ya nyumba ya mwanafunzi. Huyo injinia alikuwa anajua, mishahara nilikuwa naiandaa mimi lakini ofisi ina kuta nyembamba, akaniambia siku moja tukiwa kwenye foleni ya chipsi, "dada HR, hivi ukigawanya wangu kwa wake unapata ngapi?" Nikamwambia kaka acha bwana.

Swali lake lilinikumbusha babu mzaa mama. Babu alikuwa karani wa serikali Tabora enzi za Mwingereza, na alikuwa na usemi mmoja akitaka kukutania, ukimwambia nusu ya kitu anakwambia "nusu nyingi, sisi tulikuwa tatu ya tano." Nilikua nikidhani ni utani wa wazee. Ukubwani nikaja kujua ni kitu kabisa. Ripoti ya tume ya Holmes ya 1948, iliyoangalia mishahara ya serikali Afrika Mashariki, ilitaka Mwafrika na Mhindi walipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu, hata kama kazi ile ile cheti kile kile. Yaani walikaa watu na rula wakapima. Mwaka 1954 ikaja tume nyingine, ya Lidbury, ikasema ngazi za mishahara ziwe za wote bila kuangalia rangi, lakini aliyetoka ng'ambo akaachiwa nyongeza yake ya kutoka ng'ambo. Nilivyosoma hapo kwenye nyongeza nikacheka peke yangu, maana INT nilikuwa naiona kila siku kumbe ni mzee kuliko mama yangu.

Halafu kuna kipande cha historia yetu ambacho huwa hatukipendi kukitaja. Baada ya uhuru serikali iliwatanguliza Waafrika kwenye ajira zake, na ilieleweka, miaka yote walikuwa wamewekwa nyuma. Januari 7, 1964 Mwalimu Nyerere akatoa waraka kwamba basi, sasa ubaguzi kati ya raia kwenye utumishi uishe, raia mwenye asili ya Asia au Ulaya ahesabiwe sawa na mwingine. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi hawakufurahi hata kidogo. Na siku kumi na tatu baadaye, tarehe 20, askari wa kambi ya Colito, pale panapoitwa Lugalo leo, wakaasi, wanataka mishahara ipande na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mambo mengi yalichangia, sitaki kusema waraka ndio uliwasha moto, ila hebu fikiria wewe ni koplo una cheo kile kile, na uhuru una miaka miwili, na anayekuamrisha bado ni yule yule. Ni rahisi leo kusema Mwalimu alikuwa sahihi, na mimi nasema alikuwa sahihi, lakini nikimuweka yule injinia wetu mbele ya ule waraka sijui angeusoma kwa uso gani.

Nirudi kwenye CV, maana nilishatoka barabarani.

Marekani kuna wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walitunga CV za uongo karibu 5,000 wakazituma kujibu matangazo ya kazi Boston na Chicago, matokeo yakatoka 2004. Sifa zinafanana, kilichobadilishwa ni jina. Zingine wakaziandika majina ya kizungu kama Emily na Greg, zingine majina ya Wamarekani weusi, Lakisha na Jamal. (Jamal! Jina ambalo ukiliita sokoni Tanga watageuka watu saba.) Emily akituma CV kama kumi anapigiwa simu moja. Lakisha atume kumi na tano. Na kibaya zaidi, CV ya Emily ikiongezwa uzoefu na vyeti simu zinaongezeka vizuri, ya Lakisha ikiongezwa vitu vile vile zinaongezeka kidogo tu. Yaani ile "soma mwanangu soma" inamlipa mmoja zaidi ya mwingine.

Nilivyosoma hiyo nikajitia na mimi kufanya kautafiti kangu. Tulikuwa na nafasi ya afisa wa forodha, CV tisini na kitu. Nikamwambia binti wa field, mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, achane ukurasa wa kwanza wa kila moja, anipe zilizobaki zimeandikwa namba tu, majina abaki nayo yeye. Nikachuja na penseli yangu haina pa kuchora. Nikatoa nane. Aliporudisha majina, watano ni wanawake, na mmoja wao anaitwa jina ambalo, sitaki kudanganya, ningeliona mwanzo ningemsikia kabisa ni wa kijijini Kiingereza hakitampanda. Kawaida kwenye nane walikuwa wanatoka wanawake wawili. Nikampelekea bosi nimejaa furaha kama mtoto kapata wa kwanza darasani. Akazipekua, akaniangalia juu ya miwani. "Mbona hazina sura? Niletee zenye picha."

Nikampelekea zenye picha.

Ya picha nayo ni kitabu kingine. Nafasi ya mapokezi tangazo lilikuwa linaandikwa "awe na mwonekano mzuri," na kila mtu anajua mwonekano mzuri ni mwembamba kiasi, mweupe, miaka isizidi 28. Matangazo mengine huko Instagramu hawajisumbui hata kuficha, wanaandika kabisa mweupe. Huyu wa mapokezi ndio mwanamke pekee ambaye ujana wake hatukuuogopa. Akishazaa mara ya pili anahamishwa stoo. Wadada wakipaka mkorogo tunawasema hawajipendi, wamejichoka, lakini mimi nimekaa upande ule wa meza nimeona picha ipi inawekwa juu ya rundo, na nasema yule dada anasoma soko la ajira vizuri kuliko nyie mnaomcheka.

Sasa kinachochekesha, kifungu cha 7 cha ile ile sheria ya 2004 kinataja vitu ambavyo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu. Rangi, utaifa, kabila, mbari, dini, jinsia, ujauzito, umri, ulemavu, na hali ya ndoa. Hali ya ndoa iko pale kwa jina lake. Na kinasema mfanyakazi kwenye hicho kifungu ni pamoja na mtu anayeomba kazi tu, na matangazo ya kazi yamo, na vigezo vya kuchuja vimo. Ukionyesha dalili za kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo anabebeshwa mwajiri. Nani aliyeandika hicho kifungu Mungu ambariki. Lakini dalili anaonyesha nani? Una siku 60 kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na unaenda na nini mkononi, simu ambayo haikuita? Ushahidi ulikuwa duara la penseli. Na raba nilikuwa nayo mimi.

Niliacha ile kazi miaka mitatu iliyopita, sio kwa ushujaa, nilipata penye mshahara mzuri zaidi. Huku ninapofanya sasa tunaondoa ukurasa wa kwanza kweli, mkurugenzi kakubali, na matatizo bado yapo maana mtu akiingia tu kwenye chumba cha intavyu anaingia na sura yake na jina lake na tumbo lake. Wanawake wanaoitwa wameongezeka. Wanaopata, kidogo.

Kwa hiyo saa nne usiku, mikono imekauka sabuni, nikamjibu mdogo wangu. "Toa hali ya ndoa. Toa umri, toa picha, toa dini. Jina, simu, elimu, kazi ulizofanya, basi." Nikaona amesoma. Akaandika, "sawa dada. na wakiniuliza kwenye intavyu?"

Nikaanza kuandika wewe una haki ya, nikafuta. Nikaandika sema ukweli tu, nikafuta. Nikaandika waambie mtoto analelewa na mama yako, nikaituma hiyo.

Akasema ngoja nifanye mazoezi dada unisikilize. Ikaja voisi ya kwanza, sekunde kumi na mbili: "Ndio nina familia, lakini mtoto wangu anakaa na bibi yake, kwa hiyo niko tayari kufanya kazi muda wowote," na nyuma yake mtoto analia, analia hasa, kile kilio cha usingizi. Nikaona voisi imefutwa. Dakika mbili kimya, kisha ikaja nyingine, maneno yale yale, nyuma hakuna sauti.